Stata haikupimwa: Omu zinazowapotezea fedha wenye malori na migodi ya Masumbwe

Na Mwandishi Wetu, Masumbwe

LORI limelala pembeni mwa barabara kuu, upande wa kwenda Ushirombo. Limepakia Isaka na mzigo wake unasubiriwa Rusumo. Kila dereva akizungusha ufunguo, chini ya kabini unasikika mlio mmoja mkavu, taa za dashibodi zinafifia, na injini haigeuki.

Fundi anaingia uvunguni na spana. Anatoka ameikumbatia stata, imejaa grisi na vumbi jekundu. Anailaza juu ya gunia, anafuta terminali ya shaba kwa kitambaa, kisha anachomoa mita ndogo ya njano, ile inayouzwa karibu kila duka la vifaa vya umeme. Anageuza swichi hadi omu 200 na kugusisha ncha zote mbili. Kioo kinaonyesha 0.4.

Uamuzi unatolewa papo hapo: stata ina shoti, ikasukwe upya au inunuliwe nyingine Kahama. Mwenye gari yuko mbali, anasikiliza kwa simu. Atalipa.

Sasa zigusishe ncha za mita hiyohiyo zenyewe kwa zenyewe, bila stata. Kioo kinaonyesha 0.4.

Kilichopimwa muda wote ule ni nyaya za mita. Stata yenyewe haikupimwa. Huenda ni mbovu kweli. Huenda ubovu uko kwenye kebo ya eathi iliyooza, au kwenye nguzo ya betri iliyoota ukungu mweupe, au kwenye kaboni zilizokwisha ambazo kuzibadilisha ni kazi ya muda mfupi. Kwa kipimo kile hakuna awezaye kujua, lakini fedha inatoka.

Mji wa malori na maduara

Hadi mwaka 2012 Masumbwe ilihesabiwa Shinyanga, ndani ya wilaya ya Bukombe. Ulipoundwa Mkoa wa Geita mwaka huo, mji huu ukawa sehemu ya wilaya mpya ya Mbogwe. Mipaka ilibadilika, maisha hayakubadilika sana. Wasumbwa, Wasukuma na watu wa kila kabila waliofuata dhahabu wanaishi kwa kutegemea mambo mawili makubwa ukiacha shamba: barabara na mwamba.

Barabara ndiyo inayotoka bandari kavu ya Isaka, kupitia Kahama, hapa Masumbwe, Ushirombo, Runzewe, Nyakanazi na Lusahunga hadi mpaka wa Rusumo. Mzigo wa Rwanda na Burundi unapita mlangoni pa mafundi hawa. Mwamba nao ndio ukanda wa dhahabu wa Geita na Kahama: Mgodi wa Geita ulioanza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, Buzwagi uliofunguliwa 2009 na kufikia ukomo wake 2021, na kati ya migodi hiyo mikubwa kuna maduara ya wachimbaji wadogo, karasha, pampu, kompresa na jenereta.

Vyote hivyo vinategemea mota. Niseme mapema ili tusichanganye: mota nyingi za karasha na pampu ni za umeme wa AC, hazina kaboni. Mota ya DC yenye kaboni, tena yenye nguvu kubwa, iko ndani ya stata ya kila lori, kila ekskaveta, kila greda na kila jenereta la dizeli linalowashwa asubuhi migodini. Zilizo kubwa kuliko zote katika ukanda huu zinapita Isaka, chini ya vichwa vya treni vya reli ya zamani.

Ukiifungua stata utakutana na mambo manne. Kuna fildi, yaani koili nene za shaba zilizofungwa kwenye ganda. Kuna amecha, sehemu inayozunguka, yenye msuko wa shaba ndani ya mifereji ya chuma. Mwishoni mwa amecha kuna komuteta, ambayo ni vipande vingi vya shaba vilivyopangwa kwa duara na kutenganishwa kwa maika. Juu ya komuteta zinasugua kaboni zinazosukumwa na springi. Umeme wote unaoiwasha injini hupita hapo, kutoka kaboni hadi kipande cha shaba, kutoka kipande hadi msuko.

Kwa nini mita ndogo haioni

Tufanye hesabu ya darasa la sekondari. Lori lina volti 24. Stata yake ikibanwa inaweza kuvuta ampea 1,000 hivi. Ukigawa 24 kwa 1,000 unapata omu 0.024, na hiyo ni njia nzima: betri, kebo, viungo na stata kwa pamoja. Stata peke yake ina miliomu chache tu, yaani sehemu chache za elfu moja za omu.

Mita ya njano, kwenye swichi yake ya chini kabisa, inahesabu kwa hatua za omu 0.1. Hatua moja ni miliomu 100. Kutafuta miliomu tano kwa mita hiyo ni sawa na kupima pointi moja ya dhahabu kwa mizani ya magunia ya mpunga: mizani haijaharibika, ila haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

> Hatua moja ya mita ndogo ni miliomu 100. Stata nzima ina miliomu chache tu.

Matokeo yake ni kwamba stata nzima na stata yenye shoti zote zitasoma kitu kilekile. Kifaa hicho kinaweza kukwambia jambo moja tu la maana kuhusu stata kubwa, kwamba njia imekatika kabisa. Zaidi ya hapo, anayesema ameona shoti amekisia.

Dawa ya tatizo hili ni ya zamani. Mjerumani Georg Ohm alichapisha kanuni yake mwaka 1827. Katika karne hiyohiyo William Thomson wa Uingereza, aliyekuja kujulikana kama Lord Kelvin, alitengeneza njia ya kupima ukinzani mdogo bila kuhesabu nyaya za kipimo. Siri yake ni kutumia nyaya nne badala ya mbili. Mbili zinapeleka mkondo, mbili nyingine zinapima volti peke yake. Kwa kuwa katika nyaya za kupimia volti karibu hakuna mkondo unaopita, ukinzani wake hauingii kwenye jibu.

Vifaa vya kisasa vya njia hiyo, miliomita na mikroomita, hupeleka ampea 10, 100 au zaidi ndani ya msuko na kuonyesha jibu moja kwa moja. Bei yake si ya gereji ya chini ya mwembe. Hata hivyo kuna njia ya mkono ambayo fundi yeyote wa Masumbwe anaweza kuifanya kwa vitu alivyo navyo.

Betri, balbu tatu na mita ileile

Chukua betri za volti 24 na balbu tatu za taa kubwa za lori, wati 70 kila moja. Ziunganishe balbu hizo sambamba, kisha zote tatu ziingie kwenye njia moja na stata: betri, fyuzi, balbu, msuko unaopimwa, kurudi betri. Waya uingie moja kwa moja kwenye terminali ya mota, usipitie solenoidi. Balbu zitawaka. Kila moja inavuta karibu ampea 3, kwa hiyo ndani ya msuko sasa zinapita ampea 9 hivi. Acha balbu zipate moto kwanza, kwa sababu zikiwa baridi huvuta mkondo mkubwa zaidi kwa muda mfupi.

Pima ampea kwa uhakika, kwa klampu ya DC ikiwezekana. Anayetumia tundu la ampea 10 la mita ndogo asome onyo lililoandikwa hapo: mara nyingi tundu hilo halina fyuzi na halitakiwi kuachwa zaidi ya sekunde 10.

Baada ya hapo geuza mita hadi milivolti 200 na uguse shaba yenyewe ya msuko, ndani ya pale zilipofungwa klipu za mkondo. Tuseme kioo kinasoma 27. Gawa milivolti 27 kwa ampea 9: miliomu 3. Mita ileile iliyokuwa kipofu dakika tano zilizopita sasa imeona.

Hapa ndipo panapotaka utulivu, na ndipo wengi wanapokosea.

Amecha isizunguke. Ikizunguka hata polepole inazalisha volti zake yenyewe, na jibu linakuwa la uongo. Kwa mota kubwa amecha hufungwa kabisa.

Usipime juu ya kaboni kama unataka kujua hali ya msuko. Mahali kaboni inapogusa shaba panapoteza volti kwa tabia isiyofuata kanuni ya Ohm. Mkondo ukiongezeka mara mbili, volti hizo haziongezeki mara mbili. Ukipima kutoka terminali hadi terminali umechanganya msuko na hali ya kaboni, utando wa komuteta na nguvu ya springi. Ncha za mita zikae juu ya vipande vya komuteta vyenyewe.

Halafu andika joto. Ukinzani wa shaba hupanda kwa karibu asilimia 4 kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. Mota iliyopimwa ikiwa na nyuzi 20, ikipimwa tena imefika nyuzi 100, itasoma karibu asilimia 31 zaidi, na ni nzima kabisa. Fundi anayepima mota iliyotoka kazini muda huohuo na kulinganisha na namba ya jana asubuhi anaweza kuihukumu isivyo haki.

Kipimo chenye faida kuliko vyote ni cha kipande kwa kipande. Mkondo unaingizwa kwenye vipande viwili vya komuteta vilivyo mbali, kisha ncha za mita zinatembea kutoka kipande hadi jirani yake, kuzunguka duara zima. Namba moja moja si muhimu; muhimu ni ufanano. Milivolti zikifuatana kwa mpangilio mmoja, amecha ni nzima. Zikishuka ghafla sehemu moja, koili ya hapo imegusana ndani. Zikipanda ghafla, solda imeachia pale msuko unapoingia kwenye kipande, ugonjwa ambao jicho halioni na ambao unazidi kadiri mota inavyopata moto.

Na kwa lori letu la kwenda Rusumo, kulikuwa na kipimo cha kufanya kabla hata ya kufungua nati moja. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, mwambie utingo azungushe ufunguo. Ikisoma zaidi ya nusu volti, eathi ni mbovu. Ampea 500 zikipita kwenye kiungo chenye miliomu 1 tu, nusu volti inapotea hapo. Kiungo kikiwa na miliomu 10, zinapotea volti 5, na injini ya lori haitageuka hata ukiifungia stata mpya kutoka kiwandani.

Wanaoamini sikio, wanaoamini namba

Mafundi wa uzoefu hawakubali kirahisi, na wana hoja. Fundi aliyefungua stata kwa miaka mingi anajua mlio wa kaboni zilizokwisha na mlio wa bushi iliyolika. Harufu ya vanishi iliyoungua inamfikia kabla hajaondoa kifuniko. Ana taa yake ya kupimia inayowaka msuko ukigusa ganda. Wengine wana grola, sumaku ya umeme wa AC ambayo amecha hulazwa juu yake. Ukipitisha bledi ya msumeno wa chuma juu ya mifereji, inatetemeka na kunguruma palipo na shoti. Grola ni kipimo cha kweli, na anayekitumia vizuri anastahili heshima yake.

Hoja yao ya pili ni fedha. Wanalipwa kwa kazi, hawalipwi kwa kipimo. Dereva anataka kuondoka, tajiri anapiga simu kila nusu saa, na hakuna anayeuliza ilisoma ngapi. Fundi akitumia saa nzima kutembea na ncha juu ya komuteta halafu akasema stata ni nzima, badilisha kebo, atalipwa bei ya kebo.

Wenye magari nao wanalalamika upande wao. Stata inasukwa, gari linawaka siku mbili, linazima tena Nyakanazi. Nani alaumiwe? Fundi atasema betri ni mbovu, dereva atasema fundi hakusuka, muuza vifaa atasema shaba yake ni nzuri. Hakuna namba iliyoandikwa kabla ya kusuka wala baada ya kusuka, kwa hiyo mwenye sauti kubwa ndiye anayeshinda.

> Hakuna namba iliyoandikwa kabla ya kusuka wala baada ya kusuka, kwa hiyo mwenye sauti kubwa ndiye anayeshinda.

Kwa maoni yangu hapa ndipo suluhisho linapoanzia, na linamhusu mwenye gari kuliko fundi. Alipie kipimo kama kazi inayojitegemea. Akikataa kulipia kupimwa, ataendelea kulipia kubahatisha, na kubahatisha ni ghali zaidi. Fundi naye aandike kwenye risiti: miliomu za fildi, hali ya komuteta, ampea stata ilipozungushwa bila mzigo, joto la siku hiyo. Mistari minne inatosha. Sikio la fundi mkongwe linabaki na kazi yake, ila namba ndiyo inayoweza kusomwa na mtu mwingine akiwa Ngara.

Upande wa pili wa kipimo: megaomu

Mpaka hapa tumezungumzia shaba. Mota ina upande mwingine, ambao unaua watu: kihami kinachotenganisha shaba na ganda la chuma. Huko tunatafuta kinyume chake. Shaba inatakiwa kuwa na miliomu chache, kihami kinatakiwa kuwa na mamilioni ya omu. Mita ya njano haifai huku pia, kwa sababu inapima kwa nguvu ya betri yake ndogo, na kihami kilichochoka kinaweza kuonekana kizima kwa volti chache kisha kikavuja kikikutana na volti mia kadhaa.

Kifaa cha kazi hiyo ni mega. Mwingereza Sydney Evershed alianza kutengeneza vipimo vya aina hiyo mwaka 1889, na jina la Megger likasajiliwa mwaka 1903. Vya zamani vilikuwa na mpini wa kuzungusha kwa mkono, vya leo vinatumia betri. Kwa msuko wa chini ya volti 1,000, mega hupeleka volti 500 za DC kati ya shaba na ganda kwa dakika moja kamili, ndipo namba inasomwa.

Wahandisi wengi duniani hutumia mwongozo wa IEEE namba 43. Kwa misuko ya chini ya volti 1,000, kiwango cha chini ni megaomu 5, na namba hiyo ni ya nyuzi 40. Joto ni mtego mkubwa zaidi hapa kuliko kwenye shaba, maana ukinzani wa kihami hupungua karibu nusu kwa kila nyuzi 10 zinazopanda. Chukua mota iliyopimwa asubuhi ya baridi, nyuzi 20, ikasoma megaomu 16. Fundi anafurahi. Irekebishe hadi nyuzi 40: 16 inakuwa 8, 8 inakuwa 4. Mota hiyo haijafikia kiwango.

Kwenye mota ya kaboni adui wa kihami anatoka ndani ya mota yenyewe. Kaboni zinasagika kila siku, na unga wake mweusi unapitisha umeme. Unajilaza juu ya maika, kwenye vishikio vya kaboni, kwenye kona za msuko. Ongeza vumbi la mwamba, ongeza unyevu wa miezi ya mvua, na unapata njia ya umeme kuelekea ganda. Mota nyingi zinazosoma vibaya hazihitaji kusukwa: zinahitaji kupulizwa kwa hewa kavu, kufutwa na kukaushwa kwa joto la pole, kisha kupimwa tena. Anayesuka bila kupima ametupa shaba nzuri.

Onyo la usalama haliwezi kurukwa. Volti 500 za mega zinabaki ndani ya msuko mkubwa baada ya kipimo, na msuko huo lazima uunganishwe na eathi kwa angalau mara nne ya muda uliopimwa kabla mtu hajaushika. Vilevile kila kifaa cha elektroniki, daiodi na kontrola, kitenganishwe kwanza, la sivyo kipimo chenyewe ndicho kitakachokiua. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri alinde watu wake dhidi ya hatari za mitambo. Mota inayovuja kwenye ganda ni hatari ya wazi kwa mtu aliyesimama kwenye tope la mwalo na ndala.

Isaka: mota chini ya treni

Anayetaka kuona kazi hii ikiwa kubwa aende Isaka, kwenye reli ya Tabora–Mwanza iliyofika Mwanza mwaka 1928. Kichwa cha treni cha dizeli kinachovuta mabehewa hapo hakizungushi magurudumu kwa gia kama lori. Injini inazungusha jenereta, na jenereta inalisha mota zilizofungwa kwenye ekseli. Katika vichwa vya zamani mota hizo ni za DC, zenye komuteta na kaboni, na mota moja ina uzito wa zaidi ya tani.

Msuko wake una sehemu chache za mia za omu, kwa hiyo kila nilichoeleza kuhusu stata kinatumika, ila madhara ya kosa ni makubwa mara nyingi zaidi. Mota za kichwa kimoja zinagawana mzigo. Moja ikiwa na kiungo kibovu, nyingine zinabeba zaidi, magurudumu yanateleza, komuteta inawaka cheche kuzunguka duara zima, na treni inasimama porini na mzigo wa watu wengi. Katika karakana za reli, kama ile ya Morogoro inayohudumia vichwa vya treni, mota haipimwi ili kujua kama imekufa. Hupimwa kwa ratiba, namba inaandikwa, na mwaka unaofuata namba mpya inalinganishwa na ya zamani. Kihami kilichosoma megaomu 200, kisha 90, kisha 30, kinatoa taarifa miezi mingi kabla ya kuungua, ingawa 30 bado iko juu ya kiwango.

Hilo ndilo gereji za Masumbwe zinalokosa. Mita zipo, daftari halipo.

> Mita zipo, daftari halipo.

Karatasi inayodaiwa na mgodi

Mwaka 2018 Serikali ilitunga Kanuni za Madini kuhusu ushirikishwaji wa Watanzania, zinazozitaka kampuni za uchimbaji kutoa kipaumbele kwa bidhaa na huduma za ndani. Kwa gereji ya Mbogwe mlango huo uko wazi kisheria. Kiutendaji una kizingiti: mgodi mkubwa haupokei mota iliyosukwa bila ripoti ya vipimo, na ripoti haina thamani kama kifaa kilichopimia hakijafanyiwa ugezi, yaani kuhakikiwa usahihi wake.

Hapo mgodi una haki yake. Mota ikifeli chini ya ardhi inasimamisha kazi na inaweza kujeruhi watu. Anayenunua huduma ana sababu ya kudai namba anazoweza kuziamini. Fundi wa Masumbwe naye ana haki yake. Shirika la Viwango, TBS, lina maabara ya ugezi, lakini kwa mtu mwenye mega moja, safari ya kuipeleka Dar es Salaam ni gharama na ni siku za kazi zilizopotea.

Njia ya kati ipo. Mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini bila kupita chuoni. Fundi mkongwe wa stata anaweza kupimwa na kupewa cheti kwa kile anachokijua tayari, na mafunzo mafupi ya miliomu na megaomu yanaweza kuambatanishwa hapohapo. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, lina vituo vya mfano vya wachimbaji wadogo Lwamgasa, mkoani Geita, na Katente, wilayani Bukombe, jirani kabisa na Masumbwe. Vilijengwa kwa ajili ya kufundisha uchenjuaji wa dhahabu. Meza moja ya vipimo katika kituo cha Katente, yenye mikroomita na mega zinazofanyiwa ugezi kwa zamu, ingewahudumia mafundi wa Mbogwe na Bukombe kwa ada ya kila kipimo, na wangeweza kutoa ripoti zinazosomeka hadi ofisi ya manunuzi ya mgodi.

Gharama ya meza hiyo ni ndogo ikilinganishwa na mota zinazosafirishwa kila mara kwenda miji ya mbali kusukwa, pamoja na ujira unaosafiri nazo.

Je, kaboni zinaondoka?

Wapo wanaosema yote haya yamechelewa. Treni za reli ya kisasa, SGR, zilizoanza safari za abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 zinatumia umeme wa AC wa volti 25,000 kutoka nyaya za juu, na mota zake hazina komuteta. Kipande cha Mwanza–Isaka cha reli hiyo kilianza kujengwa mwaka 2021. Migodi mipya nayo inanunua mota za AC zinazoongozwa kwa elektroniki. Kwa nini fundi ajifunze kitu kinachoondoka?

Hoja hiyo ina ukweli nusu. Mota kubwa za kaboni zinapungua kwenye reli na kwenye mitambo mizito, lakini stata haijapata mbadala katika malori yanayopita hapa, na malori hayo yatakuwa barabarani kwa miaka mingi. Kisha vifaa ni vilevile. Mega inayopima amecha ya DC ndiyo inayopima mota ya pampu iliyozama kwenye duara. Mikroomita inayotembea juu ya komuteta ndiyo inayopima mota ya karasha: misuko yake mitatu inatakiwa kusoma karibu sawa, na mmoja ukitofautiana na wenzake kwa zaidi ya asilimia chache, fundi anajua aanzie wapi kufungua.